Panda kitunguu saumu uani, lakini usikifanye daktari wa mtoto

MVUA za masika zinapoanza kulegea Morogoro, ndipo nyumba nyingi zinapokumbuka bustani. Mchicha unasiwa, matembele yanachomekwa, na aliyechelewa kupalilia bamia anajuta. Wiki hii naomba tuongeze zao moja kwenye ua wako, nalo ni kitunguu saumu.

Kila safu hii inapogusa kitunguu saumu, ujumbe wa wazazi huja wa aina mbili. Wa kwanza wanauliza namna ya kukipanda, maana kukinunua kila wiki kunauma. Wa pili wanauliza wampe mtoto kiasi gani akiwa na homa, mafua au minyoo. Leo nawajibu wote, na jibu la kundi la pili nakuomba ulisome hadi mwisho.

Kwa nini kinastawi mlimani

Ukiwa mjini Morogoro, milima ya Uluguru iko mbele ya macho yako. Mboga nyingi tunazonunua sokoni zinashuka kutoka huko, hasa ukanda wa Mgeta wilayani Mvomero: kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo na vitunguu saumu.

Siri ya Mgeta ni baridi. Mji wetu uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, wakati mashamba mengi ya Mgeta yako juu ya mita 1,000, na mengine yanakaribia 2,000. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Kitunguu saumu kinahitaji ubaridi huo ili kigawanyike punje. Kikikosa baridi kinatoa majani tu, au kinafanya kitunguu kimoja cha mviringo kisicho na punje ndani.

Kwa hiyo msomaji wa Nyandira au Bunduki atapata vitunguu vilivyojaa. Wewe wa Kihonda, Mazimbu au Bigwa utegemee vitunguu vidogo zaidi, na huenda vingine visigawanyike. Hata hivyo hutapata hasara, kwa sababu majani yake yanakatwa kama majani ya kitunguu cha kawaida na kuingia kwenye mayai, maharage au supu.

Wa mjini ana njia tatu za kujisaidia. Ya kwanza ni muda: panda mwishoni mwa Aprili au Mei, ili mmea ukutane na miezi ya ubaridi, Juni hadi Agosti. Ya pili ni mbegu: ukienda Soko Kuu la Chifu Kingalu au Mawenzi, muulize muuzaji vitunguu vilivyotoka mlimani. Vile vikubwa vyeupe vinavyotoka nje ya nchi, hasa China, vimezoea hali ya hewa tofauti, na vingine huwa vimewekewa dawa ya kuvizuia kuchipua. Ya tatu ni friji: weka vitunguu vya mbegu kwenye mfuko wa karatasi, sehemu ya chini ya friji na si kwenye friza, kwa wiki 6 hadi 8 kabla ya kupanda. Mmea utadhani umepitia baridi ya Mgeta.

Udongo wa juu ubaki juu

Kabla hujashika jembe, kuna somo la kihistoria ambalo wazee wa Uluguru wanalijua vizuri. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ililazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ngumu na ya shuruti. Juu ya hapo, sehemu nyingi uchimbaji ule ulifukia udongo wa juu wenye rutuba na kuleta juu udongo wa chini usiozaa. Mwaka 1955 zikatokea vurugu Matombo, na mpango ukaachwa. Upande wa Mgeta, ambako mboga zililipa na maji ya mifereji yalikuwepo, kilimo cha ngazi kipo hadi leo.

Tuta la uani ni dogo, lakini kanuni ni ileile. Unapochimba, weka pembeni udongo mweusi wa juu. Legeza wa chini bila kuutoa, kisha rudisha ule wa juu mahali pake. Wengi wanapindua vyote kwa pamoja, halafu wanalalamikia mbegu.

Tuta lenyewe

Chagua sehemu inayopata jua angalau saa 6 kwa siku. Upana uwe mita 1, ili ufikie katikati kwa mkono bila kukanyaga ndani. Urefu mita 2 unatosha kuanzia, na kimo kiwe sentimeta 20 hadi 30. Tuta la namna hii halituamishi maji, na punje ikikaa kwenye maji inaoza kabla haijatoa mizizi.

Kingo zake zinaweza kuwa mawe, matofali, mianzi au mabanzi. Usitumie mbao kuukuu zilizopakwa rangi, maana rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo yanadhuru ubongo wa mtoto. Kwa sababu hiyo hiyo, usilime mahali palipokuwa na gereji au palipovunjwa betri za magari. Tuta pia likae mbali na choo na mahali yanapomwagwa maji ya kufulia.

Changanya udongo na mboji au samadi iliyooza vizuri, ndoo 3 au 4 kwa tuta hilo. Samadi ya mbuzi inafaa sana. Mgeta wanayo, maana mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway walifikishwa huko miaka ya 1980 kupitia kazi za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Samadi mbichi usiiguse. Inaunguza mizizi na inaweza kuleta vimelea kwenye mikono ya watoto.

Kama wewe ni mpangaji na huna ua, tumia ndoo iliyopasuka au beseni kuukuu lenye kina cha sentimeta 20 na kuendelea. Litoboe chini, weka kokoto kidogo, kisha udongo.

Hesabu ya punje 100

Vunja vitunguu siku ileile ya kupanda. Usimenye punje. Chagua zile kubwa za pembeni, na ndogo za katikati zipeleke jikoni. Kitako kiangalie chini, ncha iangalie juu, na shimo liwe na kina cha sentimeta 3 hadi 5.

Panda mistari 5 kufuata urefu wa tuta, nafasi ya sentimeta 20 kati ya mstari na mstari, na sentimeta 10 kati ya punje na punje. Kila mstari utabeba punje 20, na tuta zima punje 100. Kwa mbegu, hapo umetumia vitunguu kama 10 hivi.

Zikistawi zote, utavuna vitunguu 100. Weka 10 vilivyo vikubwa kuwa mbegu ya mwakani. Vilivyobaki 90 ni karibu vitunguu viwili kwa wiki kwa mwaka mzima. Nusu yake tu ikifanikiwa, bado una kitunguu karibu kimoja kila wiki ambacho hukukinunua.

Tandaza nyasi kavu au mabua juu ya tuta ili unyevu usipotee. Mwagilia kila baada ya siku 2 au 3, asubuhi, bila kulowesha kupita kiasi. Magugu yang'olewe kwa mkono, kwa sababu mizizi ya mmea huu iko juu na jembe litaikata. Ukiona majani yana michirizi myeupe kama fedha, chungulia katikati ya mmea. Huenda kuna thripsi, wadudu wadogo kuliko chawa. Wanyunyizie maji kwa nguvu na ondoa majani yaliyoharibika sana. Adui mkubwa zaidi uani ni kuku, kwa hiyo zungushia matawi ya miiba au wavu tangu siku ya kwanza.

Hii ni kazi nzuri ya kumpa mtoto. Mwenye miaka 4 anaweza kujifunza kuhesabu hadi 20 kwenye mstari mmoja, na mwenye miaka 8 anaweza kuandika kwenye daftari siku ya kupanda na siku jani la kwanza lilipotokeza. Wavae viatu, na wakimaliza wanawe mikono kwa sabuni.

Baada ya miezi 4 hadi 6 majani ya chini yataanza kuwa ya njano. Acha kumwagilia wiki 2, kisha ng'oa kwa kulegeza udongo kwanza. Usivianike juani. Vitundike kivulini penye upepo kwa wiki 2 au 3 hadi maganda yakauke kama karatasi. Vile utakavyokula, visikae kwenye mfuko wa plastiki wala kwenye friji, maana vitaota au kuoza.

Sasa kuhusu "dawa"

Hapa nageukia kundi la pili. Kitunguu saumu ni chakula kizuri. Unapokiponda, kemikali mbili zilizokuwa zimetengana ndani yake hukutana na kutengeneza alisini, ambayo ndiyo inayotoa ile harufu kali. Katika maabara, alisini inazuia baadhi ya bakteria kukua. Lakini bakteria kwenye kisahani cha maabara si mtoto mwenye homa, na kati ya hivyo viwili kuna umbali mrefu.

Kitunguu saumu hakitibu malaria. Hakitibu nimonia. Mwaka 2020, wakati wa korona, Shirika la Afya Duniani lililazimika kutangaza kwamba hakuna ushahidi kuwa kinakinga ugonjwa huo. Mtoto akichemka mwili, apimwe malaria. Ikiwepo, dawa ni ile atakayoandikiwa kituoni baada ya kipimo. Kama hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au anapumua kwa shida, usiponde chochote. Mbebe mwende. Saa 3 zilizotumika kusubiri kitunguu kifanye kazi zinaweza kuwa ndizo alizozihitaji.

Kuna matumizi mengine ambayo naomba yaachwe nyumbani kwako kuanzia leo.

Usimpake mtoto kitunguu saumu kilichopondwa kifuani, kwenye nyayo au mgongoni. Ngozi yake ni laini, na kitunguu kibichi kikikaa juu yake kinaunguza hadi malengelenge, kama moto.

Usiweke punje sikioni wala puani. Inaweza kukwama na kuunguza. Usimvishe mtoto mchanga punje zilizotungwa shingoni, kwa sababu uzi unaweza kumkaba na punje inaweza kumpalia.

Usimpe mchanganyiko wa asali na kitunguu saumu mtoto asiyetimiza mwaka 1. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli hadi ya kupumua. Na kabla ya miezi 6, mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake, hata maji bado.

Usihifadhi kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta kwa siku nyingi bila friji. Mwaka 1985 watu 36 waliugua botulizimu mjini Vancouver, Kanada, baada ya kula mgahawani chakula chenye kitunguu saumu kilichokaa kwenye mafuta. Ponda cha kutumia leo, kingine kiache kwenye ganda lake.

Kwa babu au bibi anayetumia dawa za kuyeyusha damu kama warfarini, na kwa anayesubiri upasuaji, kitunguu saumu kingi kibichi au cha vidonge kinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Amweleze daktari. Anayetumia dawa za presha naye asiziache kwa sababu ya punje 2 za asubuhi.

Habari njema ni kwa mama anayenyonyesha. Wengi wanaambiwa wasile kitunguu saumu kwa kuwa mtoto atakataa ziwa. Watafiti wa Philadelphia, Marekani, walilipima jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 1991: harufu ilifika kwenye maziwa, lakini watoto walikaa kwenye ziwa muda mrefu zaidi. Kula kwenye mchuzi wako kama kawaida.

Jikoni kazi yake ni rahisi. Ponda punje 2, ziache dakika 10, kisha tia kwenye maharage, mlenda au kisamvu karibu na kuiva. Mboga ikinoga mtoto anakula zaidi, na chumvi unaweza kuipunguza. Faida hiyo unaipata kila siku, bila kungoja mtu augue.

Kwa hiyo Jumamosi hii tafuta vitunguu 10 vya mlimani, mawe ya kuzungushia na miiba ya kuzuia kuku. Tuta likae nyuma ya nyumba, na kadi ya kliniki ya mtoto ikae mahali unapoweza kuichukua hata usiku wa manane. Tukutane wiki ijayo.