MAZUNGUMZO NA VIJANA: «Ile hesabu, utaikula?»

Mwezi huu tunajibu barua ya kijana mumoja wa Kolwezi. Anaandika:

«Nilimaliza lisansi ya hesabu, ninataka kuendelea na masta. Baba anakatala. Anasema: "Miaka tatu tulilipa minervali. Sasa unaomba ingine mbili? Badogo yako batasoma na nini? Na ile hesabu, utaikula?" Rafiki zangu wanachimba, wanaleta feza nyumbani. Mimi ninaleta madaftari tu. Nifanye nini?»

Mutoto wetu, kwanza usimukasirikie baba. Yeye hachukii masomo, anahesabu chakula. Mshahara mumoja, watoto wengi, mwezi mrefu: ile nayo ni hesabu. Ulizo lake ni la haki. Umujibu kwa maneno anayoyajua, maneno ya migodi.

Umuelezee hivi. Afrika ya Kusini kulikuwa injinieri mumoja, Danie Krige, aliyetumika juu ya migodi ya zahabu. Aliona jambo la kushangaza. Sehemu ambayo vipimo vilionyesha zahabu nyingi sana, ikichimbwa, mara nyingi ilitoa kidogo kuliko walivyotumainia. Na ile iliyoonekana maskini, mara nyingi ilitoa zaidi. Sababu gani? Watu wanapima jiwe mahali pachache, kisha wanahukumu mwamba muzima. Krige akatafuta kwa hesabu namna ya kurekebisha kosa lile. Ndiyo ilikuwa kazi ya masta yake, Iniversite ya Witwatersrand, mwaka 1951. Nyuma yake Mfaransa Georges Matheron akaijengea msingi wa hesabu wenye nguvu, na njia ile ikapewa jina la Krige. Mpaka leo inatumika katika migodi ya dunia nzima, ili kujua madini ni kiasi gani mbele ya kuchimba.

Basi hesabu inalisha. Lakini hatutakudanganya: masta peke yake haileti kazi. Katika lisansi ulijibu maulizo ambayo mwalimu alijua jibu lake. Katika masta utakaa miezi na ulizo moja, na pengine mwalimu naye hajui jibu. Kama unaenda juu ya kutafuta jina kubwa tu, ao juu ya kuogopa kutafuta kazi, baba ana haki.

Kama unapenda kazi yenyewe, fanya hivi:

Moja, mbele ya kujiandikisha, tafuta mwalimu atakayeongoza memwari yako. Umuulize utajifunza nini. Takwimu na programu za kompyuta zinafungua milango mingi.

Mbili, tafuta burse. Kuna AIMS, chuo cha hesabu kilichoanza mwaka 2003 karibu na Cape Town. Kina vituo vingine, kama Senegal na Rwanda, na masta yake ya kawaida ni ya mwaka mumoja. Uliza masharti ya mwaka huu, na anza kujifunza Kiingereza sasa.

Tatu, ukikosa burse, fundisha kwanza. Watoto wengi wanaogopa hesabu, na wazazi wao wanatafuta mutu wa kuwasaidia. Nusu ya ile feza iende kwa minervali ya wadogo zako, nusu uiweke. Masta haiozi. Usikimbilie shimo juu ya haya: likianguka, halirudishi mutu.

Na wewe baba, tunakuomba neno moja. Usimupime mutoto mahali pamoja tu, yaani feza anayoleta leo. Mukae wote kwa meza moja na kalamu, mama na wadogo wakiwako, muandike kinachoingia na kinachotoka. Wazee walisema: kidole kimoja hakivunji chawa.

Na kwenu, ni nani anayeamua masomo ya watoto? Mutuandikie.