KUPE NI JAMBO LA KAZI

Ndugu wafanyakazi,

Kibarua wa kufyeka akilala kwa homa, msimamizi husema, "Amejitakia, mbona hakujifunika?" Twauliza: ajifunike na nini? Rusinga ni kisiwa cha ng'ombe na mbuzi, na palipo na mifugo kupe hawakosi. Kupe haruki. Hungoja juu ya jani la nyasi amenyoosha miguu, akamshika apitaye. Anayeshika slasha amevaa malapa na kaptura atamkwepaje?

Kinga inajulikana: viatu virefu, suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, na dawa ya permethrini ya kunyunyiza kwenye nguo. Jioni jikague makwapani, kinenani na nyuma ya magoti. Ukimkuta, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumpinda. Usimtie mafuta ya taa wala moto. Ikija homa na kidonda cheusi, nenda zahanati ukaseme umeumwa na kupe; homa hiyo ina dawa.

Kujikagua ni juu yetu. Viatu, nguo na dawa ni juu ya mwenye kazi! Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamwagiza alinde afya ya kila amfanyiaye kazi. Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Kenya Federation of Labour, alizikwa kisiwani hapa mwaka 1969. Tusiombe haki kama sadaka mbele ya kaburi lake.

Asiyepewa viatu na amwambie mjumbe wa chama leo, kabla ya kushika slasha.

Umoja ni nguvu!