Una chuma mwilini? Kinaitwaje?

Wadau, leo nina ugomvi. Fulani kavunjika mguu kwenye ajali ya bodaboda, kawekewa vyuma. Bibi fulani moyo unasuasua, kawekewa betri. Basi, imetoka hiyo! Chuma gani? Cha kiwanda gani? Toleo gani? Waulize jamaa zako waliopitia huko, halafu mniambie wangapi wamewajibu.

Najua kuna atakayesema, "Mgonjwa wa kawaida na majina ya vyuma wapi na wapi?" Ngoja nieleze.

Siku mgonjwa huyo atakapoandikiwa kipimo cha MRI, jina hilo ndilo litakaloamua kama anaingia au anarudishwa nyumbani. MRI ni sumaku. Mashine nyingi ni za tesla 1.5 au 3, na tesla 1.5 peke yake ni kama mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia. Tena sumaku hiyo haizimwi mgonjwa akitoka. Iko kazini usiku na mchana.

Mwaka 2001, katika jimbo la New York, mtungi wa oksijeni ulivutwa na mashine ukamuua mtoto wa miaka 6. Mwaka 2018, Mumbai, India, alikufa mwanamume aliyeingia na mtungi kama huo. Mwaka 2025, New York tena, mwanamume wa miaka 61 alivutwa kwa mnyororo mzito wa chuma aliouvaa shingoni, naye akafa. Hivyo vyote vilikuwa nje ya mwili, vinaonekana kwa macho. Cha ndani nani anakiona?

Marekani walilijua hilo kwa gharama ya roho ya mtu. Mwaka 1992 mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba ilitoa tahadhari baada ya kifo cha mgonjwa aliyekuwa na klipu ya chuma kwenye mshipa wa damu kichwani. Klipu ilisogea ndani ya MRI. Na wahudumu walikuwa wameuliza! Walipata taarifa kwamba klipu ile haina tatizo. Taarifa ndiyo iliyomuua.

Sasa, msidhani vifaa hivi havipimwi. Vinapimwa, na kimojawapo cha vipimo ni rahisi mno: kifaa kinaning'inizwa kwa uzi kwenye mdomo wa mashine. Uzi ukivutwa pembeni chini ya nyuzi 45, maana yake sumaku inakivuta kwa nguvu ndogo kuliko uzito wake chenyewe. Kipimo kingine ni cha joto. Kifaa kinazamishwa kwenye ujiuji mzito uliotengenezwa ufanane na mwili, mawimbi ya redio ya MRI yanapita, joto linasomwa. Hii ni kwa sababu waya wa betri ya moyo unaweza kunasa mawimbi hayo kama antena ya redio na kuunguza nyama kwenye ncha yake.

Majibu yanaandikwa kwa alama tatu zilizowekwa mwaka 2005: ya kijani ni salama, pembetatu ya njano ni salama kwa masharti, duara jekundu lenye mkato ni marufuku.

Hiyo ya njano ndiyo yenye kesi. Watu wanadhani kifaa kilichofaulu kwenye tesla 3 lazima kitafaulu kwenye 1.5. Si kweli! Mawimbi ya redio ya mashine hizo mbili hayana urefu mmoja, na waya uliotulia kwenye mashine kubwa unaweza kuchemka kwenye ndogo. Bila jina na toleo, kazi yote ya maabara inabaki kuwa karatasi kabatini.

"Basi wenye vyuma wote wakatazwe, usalama kwanza." Hapana! Kukataza ovyo nako kunaumiza. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa vipimo 1,500 kwa watu wenye betri za moyo ambazo hazikuwa na kibali cha MRI. Walipimwa sehemu zisizo za kifua, kwenye tesla 1.5, betri zikipangwa upya kwanza na wataalamu wakiwa macho. Hakufa hata mmoja wakati wa kipimo. Wangapi kabla yao walirudishwa nyumbani na uvimbe wao kichwani bila kuonekana? Na vyuma vingi vya mifupa vya siku hizi, vya titani au chuma cha pua, havivutwi na sumaku kwa kiasi cha kutisha. Lakini mhudumu asiyejua ni kipi, atakuruhusu kwa lipi?

Ulaya sheria iliyoanza kutumika mwaka 2021 inadai mgonjwa apewe kadi ya kipandikizi chake: jina, toleo, mtengenezaji, tahadhari. Ila sahani na skrubu za mifupa wamezisamehe. Sisi tusizisamehe, maana kwetu ndizo bodaboda zinazotuletea kila siku.

Hapa Tanzania vifaa tiba viko chini ya TMDA, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019. Hoja yangu kwao: kipandikizi kisicho na majibu ya MRI kisisajiliwe, na mgonjwa asitoke wodini bila kadi ya Kiswahili mkononi. Msiniambie habari ya gharama. Chuma chenyewe mgonjwa amekilipia, mnashindwa kipande cha karatasi?

Na wewe mdau, usisubiri sheria. Vipandikizi vingi huja na stika zenye jina na namba. Kabla ndugu yako hajaruhusiwa, mwombe daktari aibandike kwenye daftari lake, kisha ipige picha kwa simu. Akikataa, muulize kwa nini.

Nawasilisha. Uwanja ni wenu.