Udongo Mwekundu, Sura Nyeupe: Wapiga Picha wa Kitui na Makueni Wanafunzana Nini?

Susu wangu aliangalia simu, akaniangalia mimi, akaangalia simu tena. Nilikuwa nimempiga picha akichambua ndengu nje ya nyumba, ushago kule Kitui, jua la saa kumi, kila kitu fiti. Nikaipitisha kwa filta moja yenye ilikuwa inavuma kwa grupu yetu ya WhatsApp. Msee mmoja akaniambia nitoe kuku mwenye alikuwa kwa kona, ati anaharibu picha. Nikamkata. Baada ya hapo ilikuwa ni moto, moto, moto, mpaka nikajiona nimeomoka.

Susu alitaka kujua kitu moja tu: "Huyu ni nani?"

Sikuwa na jibu. Uso wake ulikuwa umepauka kama mtu amemwagiwa unga. Mikunjo yote ilikuwa imepigwa pasi. Na udongo wa boma letu, ule mwekundu wenye hufuata soksi mpaka ndani ya viatu, ulikuwa umegeuka rangi ya biskuti. Wasee zaidi ya ishirini kwa grupu waliona hiyo picha na hakuna hata mmoja aliuliza swali la susu.

Nimeikumbuka hiyo siku kwa sababu sai hizi grupu ndizo shule. Ukizunguka tao ya Kitui, ama Mwingi, ama Wote, ama Emali na Kibwezi kwa barabara ya Mombasa, huwezi kosa kijana mwenye anasaka ganji na picha. Mahafali ya SEKU pale Kwa Vonza, ntheo, harusi, bathdei, mazishi, hata mikutano ya wanasiasa. Wengi hawajawahi kanyaga darasa la picha. Walianza na simu, wakaokota kamera ya mkono wa pili, na yale mengine yote wakafunzwa na watu wenye hawajawahi kutana nao ana kwa ana. Unatuma picha usiku, asubuhi unapata umeambiwa upunguze weupe wa anga, unyooshe mstari wa nyuma, utoe lile jerikeni. Bure kabisa, isipokuwa bando.

Hiyo ni kitu kubwa na sitaki kuidharau. Ila kuna shida mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: komenti nyingi ni emoji za moto, na moto haujawahi funza mtu kitu. Ya pili ndiyo noma zaidi. Zile ushauri zenye zinazunguka zimetengenezwa kwa mwanga wa watu wengine, ngozi ya watu wengine na udongo wa watu wengine.

Chukua jua. Video za mafunzo zinakuambia ungoje ile saa ya dhahabu jioni, upige picha polepole. Kitui iko digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta, buda. Jua letu halitembei kando kando likishuka, linadondoka. Ukianza kupanga watu saa kumi na mbili jioni, kabla bibi harusi amalize kushikilia gauni giza limeingia. Wale wazoefu wanaanza mapema, na kama kazi ni ya saa saba mchana, hawapigani na jua, wanatafuta kivuli.

Na kivuli pia kina mambo yake. Makueni ni nchi ya maembe, kwa hivyo kila mtu anakimbilia chini ya mwembe. Ukikaa ndani kabisa, majani yanamwaga rangi ya kijani kwa uso wa mtu, anaonekana kama ana malaria. Simama ukingoni, pale kivuli kinaishia, uso ukiangalia nje kwenye mwanga. Udongo mwekundu utarudisha mwanga wa joto chini ya kidevu, na huo mwanga ni zawadi, usiufute. Ukiwa na leso nyeupe, mpe mtu aishike kando, hiyo ni reflekta tosha.

Sasa twende kwa kuediti, maana hapo ndipo mimi nilimpoteza susu. Ngozi yetu ya kahawia na udongo wetu mwekundu, kwa macho ya programu kama Lightroom, ni majirani wa ploti moja. Zote zinakaa upande wa rangi ya chungwa na nyekundu. Preseti nyingi zenye watu wanapeana ama kuuziana zinafanya nini? Zinapandisha mwangaza wa hiyo rangi ya chungwa ndio ngozi "ing'ae." Uking'arisha chungwa, umeng'arisha mtu, ukuta wa matofali, barabara na shamba kwa mpigo mmoja. Ndio maana picha nyingi za harusi za huku siku hizi zina wageni weupe waliosimama kwa mchanga wa Dubai.

Dawa si ngumu. Snapseed ni ya bure, na iko na kifaa cha kuchagua sehemu. Unagusa uso, unabana vidole kuonyesha hiyo sehemu ni kubwa aje, halafu unapandisha mwangaza wa hapo peke yake, kidogo tu. Rangi usiiguse. Mtu mweusi akiwa hajaonekana vizuri, mara nyingi shida ni mwanga haukumfikia. Weusi wake hauna makosa. Na kabla hata ya kuediti, ingia kwa kamera ya simu ucheki kama ile kitu ya urembo imewashwa. Ikiwa imewashwa, simu ishamkwangua mtu ngozi kabla wewe uanze kazi.

Hii vita ni ya zamani, usidhani imeanza na TikTok. Enzi za filamu, maabara zilikuwa zinapima rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, wakiziita kadi za Shirley. Yeye akitoka poa, filamu iko poa. Sisi tulikuwa tunatoka meno na macho tu. Na wenye walisaidia kusukuma Kodak irekebishe rangi za kahawia, amini usiamini, ni kampuni za matangazo ya chokoleti na fanicha, zikilalamika bidhaa zao hazionekani vizuri. Chokoleti ilisikizwa kabla yetu. Baadaye Tecno na Infinix, zote za kampuni moja ya China inaitwa Transsion, zikaingia soko la Afrika zikiuza wazo la kamera yenye inajua ngozi nyeusi. Google nao wakaleta Real Tone kwa Pixel 6 mwaka wa 2021. Kwa hivyo kampuni kubwa zimetumia doo nyingi ndio susu atoke akiwa susu, halafu mimi na filta ya bure nikamrudisha kwa Shirley.

Kuna upande mwingine wa hii rangi wenye unaniuma zaidi. Ukambani imepigwa picha miaka mingi na watu wa nje, na hiyo picha tunaijua: ardhi imepasuka, punda, mitungi, mtoto anaangalia kamera. Si uwongo. Kitui na Makueni ziko kwa zile kaunti 23 kame za Kenya, na kati ya 2020 na 2022 mvua ilikataa msimu baada ya msimu. Lakini nenda Mbooni asubuhi uone ukungu. Nenda Kilungu. Nenda Kitui mwezi wa Desemba wakati mvua ya vuli imefanya kazi yake, uambie mtu hiyo ni jangwa.

Sasa angalia zenye zinapigiwa makofi kwa grupu. Ni mbili: ile imekamuliwa kijani yote ikabaki kahawia ya huzuni, na ile imepandishwa kijani mpaka Makueni inakaa Kericho. Ya kwanza inauza kwa watu wa miradi, ya pili inauza kwa wenye wanauza ploti. Katikati hapo, ule kijani wa mvumbamvumba wa miti ya miiba, na ule mbuyu wa Kibwezi ukiwa hauna jani hata moja na bado uko hai, hakuna mtu anaupea moto. Na wenye wanajua hiyo rangi inakaa aje ni wewe mwenye umezaliwa hapo. Msee wa Nairobi hawezi kukurekebisha hapo. Hapo wewe ndiye mwalimu.

Halafu kuna suala la nani mwenye picha. Tarehe 30 Desemba 2024, saa tisa mchana hivi, chuma cha mviringo kilianguka kutoka angani kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni upana wa mita 2.5 hivi, uzito karibu kilo 500, na kwamba ni kipande cha roketi. Siku mbili tatu dunia yote ilikuwa inaangalia Mukuku. Niambie jina la mtu mmoja wa kule mwenye alipiga picha na simu yake. Hujui. Mimi pia sijui. Picha ilitoka kwa simu moja ikaingia WhatsApp, ikatoka huko ikiwa imekatwa, imeandikwa maandishi juu, na imepewa jina la ukurasa wa mtu mwingine.

Sheria ya hakimiliki ya Kenya haina utata hapa. Mwenye picha ni yule aliyeipanga, yaani mwenye alisimama pale akaamua ikae hivyo, na ulinzi wake ni miaka 50. Si mwenye kuiposti wa kwanza, na wala si rafiki wa grupu mwenye alikuambia ukate kuku. Shida ni kuthibitisha. Ukituma picha WhatsApp kawaida, inabanwa na zile taarifa zake za ndani, saa, tarehe na mahali, zinaondolewa. Ndiyo maana wasee wengi siku hizi wanafunzana kutuma kama dokumenti: ubora haushuki na taarifa zinabaki. Ushauri poa. Ila hakuna mtu anamalizia sentensi. Kama lokesheni ya kamera imewashwa, umetumia watu wasiojulikana mahali kamili boma lenu liko. Unataka komenti kuhusu mwanga, umepeana njia ya kwenda kwa susu. Zima lokesheni kabla ya kupiga, weka faili asili kwa simu yako, usiwahi kuediti juu yake, kisha tuma nakala.

Na mwenye uso je? Hapa ndipo grupu nyingi zinanyamaza kabisa. Mwezi wa Septemba 2023, ofisi ya kamishna wa data iliipiga faini shule moja ya Nairobi, Roma School ya Uthiru, shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Casa Vera, kilabu, ikapigwa 1,850,000 kwa picha ya mteja aliyekuwa amekuja kujienjoi tu. Sheria yenyewe ni ya 2019. Ukipiga mtoto wa jirani akichota maji mtoni Athi, ukaweka kwa grupu ya watu 600 ndio uambiwe kama anga imetoka vizuri, na mmoja akaichukua akabandika kwa tangazo la mkopo, utamwambia nini mathe wa huyo mtoto? Mimi sijawahi ona komenti ya "ulimuuliza?" ikipata hata like mbili.

Kuna siku hata hiyo ruhusa hakuna wa kuipeana. Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya wa kanisa wakienda harusi lilizama mto Enziu, kule Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Video za simu zilifika kila mahali jioni hiyo. Kuna jamaa za hao watu wenye waliona kwanza kwa simu. Siku kama hiyo grupu ya picha yenye iko na adabu ingekuwa na kazi ya kumwambia mtu wake: usitume.

Mimi nilirudi kwa ile ya susu mwaka jana. Faili asili ilikuwa bado iko kwa memori kadi ya zamani, Mungu ni nani. Nikaacha mikunjo, nikaacha udongo, nikamwongezea mwangaza kidogo upande wa shavu la kushoto na nikanyoosha ukuta. Sikuipeleka kwa grupu. Niliiprinti kwa studio pale tao, nikampelekea kwa bahasha.

Aliishika mbali na macho vile wazee hushika barua. Akacheka. Akasema huyu sasa anamjua. Halafu akaisogeza karibu, akageuza kona ya chini, akaniuliza kuku wake nimempeleka wapi, maana ile memori kadi ilikuwa na picha mbili za siku hiyo na mimi nilikuwa nimechagua ile kuku amepita.