Samaki Mkubwa wa Likizo

Shule zifungwapo, katika miezi ya Aprili na Agosti, watu wa Eldoret wenye nafasi hushuka ziwani. Safari si ndefu. Mji wao uko katika uwanda wa juu wa Uasin Gishu, yapata futi 6,900 juu ya bahari, na Ziwa Viktoria limelala zaidi ya futi 3,000 chini yake. Basi gari hupita Kapsabet na Chavakali likiteremka, na baridi huachwa nyuma pamoja na mashamba ya mahindi. Wenye kutaka kufika mbali zaidi huvuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita, kisha huingia kisiwa cha Rusinga.

Kijana wa Eldoret si mvuvi wa kuzaliwa. Mto Sosiani upitao mjini haumfundishi mengi juu ya samaki wakubwa, na babu zake, akiwa ni Mnandi au Mkeiyo, walikuwa watu wa ng'ombe na maziwa. Samaki hakuwamo katika chakula chao, na wako wazee ambao hata leo hawamtii kinywani. Kwa hiyo kijana ashikaye fimbo ya kuvulia kwa mara ya kwanza huwa na shauku nyingi na ujuzi kidogo, na mzee mwenye mashua hulitambua jambo hilo kabla ya kuondoka ufukoni.

Mashua hutoka alfajiri, kabla upepo wa mchana haujalichafua ziwa. Chambo cha kuigiza, mfano wa samaki mdogo, hukokotwa polepole nyuma ya mashua kando ya miamba. Saa hupita, pengine mbili, na kijana huanza kusinzia. Ghafula fimbo huinama, kigurudumu cha uzi hulia, na mikono isiyozoea hutaka kuvuta kwa nguvu zote. Hilo ndilo kosa.

"Mwache aende, kijana wangu! Mpe uzi!" mzee hupaza sauti.

"Anakwenda na uzi wote, mzee!"

"Atarudi. Ngoja achoke."

Maana samaki huyu, ambaye Waluo humwita mbuta na Watanzania sangara, hashindwi kwa nguvu. Hushindwa kwa kuchoka. Huzama, hupanda, huruka nusu ya mwili nje ya maji akitikisa kichwa, kinywa wazi, na hapo ndipo ndoana nyingi hung'oka. Hata akifikishwa ubavuni mwa mashua yafaa kuiangalia mikono, kwa kuwa mashavu yake yana miiba na kingo zikatazo.

Akipatikana, furaha haina kipimo, hasa samaki akikaribia uzito wa kijana mwenyewe. Jambo hilo si la ajabu ziwani. Mwaka 1991, huko Rusinga, mbuta wa ratili 191 na nusu, yaani karibu kilo 87, alinaswa kwa fimbo na uzi, akaandikwa kuwa mkubwa kuliko wote waliopata kuvuliwa kwa namna hiyo duniani. Baadaye alipitwa na samaki wa Ziwa Nasser nchini Misri, ambako mwaka 2000 alivuliwa mmoja wa ratili 230.

Lakini mbuta si mwenyeji wa Ziwa Viktoria, na kuja kwake kunawahusu hasa wavuvi wa likizo. Kwao ni Ziwa Albert, Ziwa Turkana na Mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison, ambayo yalimzuia kupanda juu. Ziwa Viktoria lilikuwa na ngege, ningu, kamongo na aina mamia za fulu, samaki wadogo wenye miiba. Nyavu za kisasa zilifika Ghuba ya Kavirondo mwaka 1905, na ngege wakaanza kupungua. Mtaalamu Michael Graham alilipima ziwa mwaka 1927 na 1928, na katika taarifa yake ya mwaka 1929 alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine kungekuwa hatari kubwa mno.

Onyo hilo halikushika. Katika miaka ya 1950 maofisa wa upande wa Uganda walimtaka mbuta kwa sababu mbili: awale fulu, waliohesabiwa kuwa samaki wasio na thamani, na kuwageuza kuwa nyama nyingi, tena awape mchezo wale wavuao kwa kujifurahisha. Wataalamu wa Jinja walipinga. Wakati watu wakibishana, samaki alikwisha kuwamo majini, tangu mwaka 1954 yasemekana. Na mwaka 1962 na 1963 wengine walitiwa waziwazi Entebbe na Kisumu. Wenye kujifurahisha hawakuwa wengi, lakini mchezo wao ulitiwa katika mizani pamoja na chakula cha mamilioni.

Matokeo yalionekana katika miaka ya 1980. Mbuta walijaa, na aina za fulu zinazokisiwa kufika 200 zilitoweka. Viwanda vya Kisumu vilikata minofu ya kupeleka Ulaya, na akina mama waliozoea kuchuuza samaki wadogo wakabaki kununua mifupa yenye kichwa na mkia, ambayo watu waliipa jina la mgongo wazi. Tena mbuta ana mafuta mengi, hakauki juani kama fulu. Ilibidi abanikwe kwa moshi, na miti ya pwani ikakatwa.

Sasa naye amepungua, kwa ajili ya nyavu zenye macho madogo zaidi kuliko kwa ajili ya fimbo za wageni, na baadhi ya fulu wameanza kurudi. Nchi tatu za ziwa zimekatazana kumvua mbuta aliye chini ya sentimita 50. Kanuni hiyo humlinda mdogo. Mkubwa je? Majike hukua kuliko madume, na jike kubwa huchukua mayai kwa mamilioni. Samaki wa kupigiwa picha, mara nyingi, ni mama.

Kumrudisha si rahisi kama wadhaniavyo watu wa mjini. Aliyetolewa kilindini hufika juu tumbo limejaa hewa, asiweze kuzama tena. Aliyenaswa karibu na miamba, maji yakiwa haba, aweza kushikwa wima majini mpaka apige mkia na kwenda zake. Tena yuko mzee wa mashua, ambaye samaki huyo kwake ni karo ya shule. Neno hili hapana budi lipatanwe ufukoni, pamoja na malipo, wala si katikati ya ziwa samaki akihema.

Kijana arudipo Eldoret, picha ya simu huzunguka nyumba nzima. Babu, asiyepata kuonja samaki maisha yake yote, huitazama kwa muda mrefu, kisha huuliza jambo ambalo mfugaji yeyote angeuliza kabla ya kuchinja:

"Alikuwa jike?"

Kijana huitazama picha tena. Haionyeshi.