UCHAMBUZI: Rwanda ilijenga uwanja na wasichana kwanza, sifa zikafuata

KIKOSI cha wasichana kutoka taifa ambalo halikuwahi kuwa koloni la Uingereza kiliingia ugani nchini Afrika Kusini mnamo Januari 22, 2023, kuvaana na West Indies, jina ambalo kwa miongo kadhaa lilitia hofu kila pembe ya ulimwengu wa kriketi. Zamu ya kwanza ilipokamilika, West Indies walikuwa wametolewa wote kwa mikimbio 70. Rwanda wakaipita alama hiyo wakiwa wamesaliwa na wiketi nne, na kuandikisha ushindi wao wa pili katika makala ya kwanza ya Kombe la Dunia la wanawake wasiozidi umri wa miaka 19.

Siku tano awali walikuwa wamewazaba Zimbabwe kwa mikimbio 39. Katika mechi hiyo Henriette Ishimwe alitoa wapigaji wanne kwa mipira minne mfululizo, jambo ambalo warushaji wengi wa kulipwa hustaafu bila kulionja.

Wapo waliouita ushindi huo muujiza. Hata hivyo, anayefuatilia hatua za Chama cha Kriketi cha Rwanda (RCA) tangu mwanzo hatashangaa sana. Chama hicho kilifanya jambo ambalo vyama vingi vya michezo Afrika Mashariki hulikwepa: kiliweka mali yake mahali ambapo matokeo yangechelewa kuonekana, yaani kwa wasichana wa shule na katika ardhi ya kuchezea. Kinachosalia kujulikana ni iwapo msingi huo utazaa timu ya watu wazima, au utaendelea kutoa chipukizi wanaong'aa mwaka mmoja na kutoweka mwaka unaofuata.

Rwanda ilitawaliwa na Wajerumani, kisha Wabelgiji. Kriketi haikuwa na kwao nchini humo. Iliingia kwa mizigo ya wakimbizi. Familia zilizorejea baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 zilikuwa na vijana waliozaliwa au kulelewa Uganda, Kenya na Tanzania, ambako baadhi yao walijifunzia mchezo huo shuleni. Hao ndio waliounda RCA mnamo 1999, Charles Haba akiwa miongoni mwa waasisi wake. Mnamo 2003 chama hicho kikakubaliwa na Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) katika ngazi ya chini kabisa ya uanachama.

Siasa nazo zilikuja kusukuma gurudumu hilo. Kigali ilipofarakana na Paris, Kiingereza kilichukua nafasi ya Kifaransa madarasani kuanzia 2008, na Novemba 2009 Rwanda ikaingia katika Jumuiya ya Madola. Mchezo uliokuwa wa watu wachache waliotoka uhamishoni ukapata maana nyingine mbele ya serikali. Itakuwa kutomtendea haki mtu yeyote, lakini, kudai kwamba serikali ndiyo iliyouzaa. Wakati Rwanda inajiunga na jumuiya hiyo, RCA ilikuwa na umri wa miaka kumi.

Kwa miaka hiyo yote kriketi ya Rwanda ilichezewa Kicukiro, katika uwanja wa shule ya ufundi iliyojulikana kwa jina ETO. Jina hilo halihitaji maelezo kwa Mnyarwanda. Mnamo Aprili 11, 1994, wanajeshi wa Ubelgiji waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule hiyo na kuwaacha watu waliokuwa wamekimbilia humo wakitafuta ulinzi. Zaidi ya watu 2,000 waliswagwa kuelekea kilima cha Nyanza na kuuawa. Vijana waliokuja baadaye na gongo na mpira walijua wanakanyaga wapi. Pengine ndiyo sababu viongozi wa kriketi ya Rwanda hawajawahi kuuzungumzia mchezo huu kama burudani tupu. Kwao, watoto wa jirani waliotenganishwa na historia wangeweza kuwekwa katika timu moja na kulazimika kuitana majina.

Kazi hiyo ya mashinani ilisaidiwa na mashirika ya kutoka nje. Cricket Without Boundaries, shirika la hisani la Uingereza, limekuwa likiwapeleka wakufunzi wa kujitolea shuleni, wakifundisha kurusha mpira sambamba na ujumbe kuhusu virusi vya Ukimwi. Mwalimu wa kawaida wa darasa akapewa mafunzo, akaachiwa vifaa vya plastiki, naye akaendelea na watoto wake baada ya wageni kuondoka. Ni mpango usio na mbwembwe, na kamera za runinga hazikuufuata.

Kisha ukaja uwanja wa Gahanga.

Mwezi Mei 2016, nahodha wa timu ya taifa ya wanaume, Eric Dusingizimana, aliingia katika wavu wa mazoezi jijini Kigali na kupiga mipira kwa saa 51, akavunja rekodi ya dunia iliyowekwa nchini India miezi michache awali. Hakuwa akitafuta jina. Alikuwa akichangisha pesa za ujenzi. Wakfu ulioundwa kusimamia ujenzi huo uliwavuta watu wenye majina makubwa kama vile gwiji wa West Indies, Brian Lara, na David Cameron wa Uingereza. Gharama ikafikia takriban pauni milioni moja za Uingereza, na mnamo Oktoba 2017 Rais Paul Kagame akaufungua rasmi.

Aliyewahi kuona jengo la wachezaji la Gahanga hulikumbuka. Limeezekwa kwa kuba tatu zinazofuata mwendo wa mpira unaodunda, zikajengwa kwa vigae vya udongo wa hapo hapo uliochanganywa na saruji na kushindiliwa. Mafundi walikuwa wenyeji. Katika eneo hili ambako viwanja hujengwa kwa zege la mkopo na kuachiwa popo, hilo pekee linastahili kutajwa. Muhimu zaidi, RCA haikupewa jengo la kutazamwa tu. Timu za Afrika zilianza kwenda Kigali kwa mechi za kufuzu, na wasichana wa Rwanda wakawa wanacheza nyumbani mechi ambazo hapo awali wangezisafiria au kuzikosa kabisa.

Wasichana hao tayari walikuwa na mashindano yao. Mnamo 2014, taifa likiadhimisha miaka 20 tangu mauaji ya kimbari, RCA ilianzisha kipute cha wanawake na kukiita Kwibuka, neno la Kinyarwanda lenye maana ya kukumbuka. Timu za majirani zikaalikwa. Kwa miaka kadhaa wenyeji walikuwa wakitazama wageni wakiondoka na kombe: Tanzania walilitwaa 2019, Kenya 2021 na Tanzania tena 2022. Chama kingine kingechoka kugharamia sherehe za wengine na kuelekeza pesa hizo kwa timu ya wanaume. RCA haikufanya hivyo, na hapo ndipo penye siri ya ule ushindi wa Afrika Kusini.

Kwibuka hiyo hiyo ilitoa pia sura ya aibu ya upanuzi wa kriketi. Mnamo Juni 2019 Rwanda waliwatoa Mali wote kwa mikimbio sita. Mitano kati yake ilikuwa mikimbio ya ziada. Mkimbio mmoja tu ndio uliotoka kwenye gongo. Rwanda walihitaji mipira minne kumaliza kazi. Siku mbili baadaye Uganda wakawalimbikizia Mali hao hao mikimbio 314. Ulimwengu ulicheka, lakini lawama haikuwa ya mabinti wa Mali. Mwaka mmoja awali, ICC ilikuwa imetangaza kwamba kila mechi ya ova 20 kati ya timu za taifa za wanawake za nchi wanachama ingehesabiwa kuwa ya kimataifa. Hadhi ikagawiwa kwa wote. Viwanja na walimu havikugawiwa. Tofauti kati ya Rwanda na Mali siku hiyo ilikuwa miaka kadhaa ya kazi ya shuleni.

Msomaji wa Kenya hawezi kuyasoma haya bila kuguswa pabaya. Kenya iliwahi kuiangusha West Indies kwa mikimbio 73 mjini Pune katika Kombe la Dunia la 1996. Mnamo 2003 iliilaza Sri Lanka jijini Nairobi, Collins Obuya akitwaa wiketi tano, na ikafika nusu fainali, ingawa ni kweli pia kwamba New Zealand walikataa kuja Nairobi na kutuachia pointi za bwerere. Hakuna nchi nyingine ya Afrika Mashariki iliyokaribia mafanikio hayo.

Lakini mafanikio hayo yaliegemea vilabu vichache vya Nairobi na familia chache, akina Tikolo, Odumbe na Suji. Shule za umma hazikuguswa. Mnamo 2004 Maurice Odumbe alipigwa marufuku kwa miaka mitano kwa kupokea pesa kutoka kwa mcheza kamari, na wachezaji wakagoma wakidai malipo. Mwaka uliofuata usimamizi wa zamani ukaondolewa, Cricket Kenya ikaundwa, na mizozo ikahamia huko. Kenya ilicheza Kombe lake la mwisho la Dunia mnamo 2011. Mapema 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, na haijairejesha. Kizazi cha Tikolo kilipostaafu, hakukuwa na darasa lililokuwa likisubiri nyuma yake.

Rwanda ilianzia mwisho ule mwingine. Ina darasa, haina Tikolo.

Takwimu za timu ya wanaume zinalionyesha hilo wazi. Mnamo Novemba 30, 2023, jijini Windhoek, Rwanda walitolewa kwa mikimbio 65 na Uganda, ambao waliifikia alama hiyo wakipoteza wiketi moja pekee na kujikatia tiketi ya Kombe la Dunia la 2024. Oktoba 2024, katika mchujo ulioandaliwa Nairobi, Zimbabwe na Kenya walisonga mbele na Rwanda wakarudi nyumbani. Kwa wasichana hali haikuwa nafuu kama ilivyotarajiwa: Kombe la Dunia la chipukizi lilipoandaliwa tena mapema 2025 nchini Malaysia, nafasi ya kufuzu kutoka Afrika ilikuwa imeenda kwa Nigeria, nao wakawaduwaza New Zealand.

Hapa ndipo RCA inapopaswa kuulizwa maswali magumu, tena na wale wanaoitakia mema. Chama kinaweza kumpa msichana wa miaka 13 mwalimu, vifaa, uwanja na safari. Akifika miaka 19, kidato kimeisha na familia inamsubiri alete kitu nyumbani, chama kina nini cha kumpa? Wafadhili wa hisani hupenda watoto. Picha zao huvutia michango. Ni wachache wanaotoa pesa kumlipa mwanamke wa miaka 24 afanye mazoezi mara nne kwa wiki. Pengo hilo halizibwi na mashindano ya wiki moja kila Juni, hata yawe mazuri namna gani.

Wala ICC haiwezi kuachwa nje ya lawama. Katika mgao ulioidhinishwa mnamo 2023 kwa miaka ya 2024 hadi 2027, India peke yake ilitengewa takriban asilimia 38.5 ya mapato, huku nchi wanachama washirika zaidi ya 90, Rwanda ikiwemo, zikigawana takriban asilimia 11. Baraza hilo husifu ushindi wa Rwanda kila linapotaka kuonyesha kwamba mchezo unaenea. Sifa hizo hazilipi nauli ya basi kutoka mkoani hadi Gahanga. Nao mlango wa Olimpiki za Los Angeles 2028, ambako kriketi inarejea, umefunguliwa kwa timu sita pekee za wanaume na sita za wanawake.

Hivyo basi, RCA haina budi kutafuta jibu nyumbani. Ligi ya wanawake yenye vilabu vinavyomilikiwa na vyuo, benki au idara za serikali ingegharimu sehemu ndogo tu ya kilichotumika Gahanga, na ingewapa wachezaji mechi za kila wiki pamoja na ajira. Voliboli na riadha katika eneo hili zimeishi kwa njia hiyo kwa miaka mingi. Mwanariadha wa Kenya aliyeajiriwa na polisi au magereza analijua hilo vyema.

Uganda wanatoa mfano wa karibu zaidi. Walipopata ushindi wao wa kwanza katika Kombe la Dunia, dhidi ya Papua New Guinea nchini Guyana mnamo Juni 2024, mrushaji aliyewabana wapinzani kwa mikimbio minne pekee katika ova nne alikuwa Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43. Nyuma yake ilikuwepo ligi ya Kampala, iliyomrudisha uwanjani Lugogo mwaka baada ya mwaka. Gisele Ishimwe, nahodha wa wasichana walioizima West Indies, alikuwa hajatimiza miaka 20 siku hiyo.