Mkataba wa Pili Hauna Jasho la Dalali

Hakuna mwananchi anayekataa kwamba mtu aliyefanya kazi anastahili ujira wake. Dalali anayemzungusha mgeni katika mitaa ya Nyasho na Bweri mjini Musoma mpaka akampatia chumba amefanya kazi. Kwa desturi ujira wake ni kodi ya mwezi mmoja, nao hutoka mfukoni mwa mpangaji. Ujira huo ni mkubwa, lakini una jasho ndani yake.

Wako, hata hivyo, madalali wanaorudi tena. Miezi sita ikiisha, mpangaji akiwa bado katika chumba kile kile na kwa mwenye nyumba yule yule, hudaiwa kodi ya mwezi mwingine kwa jina la kuongeza mkataba. Hakuna chumba kilichotafutwa, wala hakuna mlango uliobishwa hodi. Kilichofanyika ni kubadili tarehe juu ya karatasi. Malipo ya namna hiyo si ujira. Ni mrija.

Mfano mmoja unatosha. Mpangaji wa chumba cha Sh. 50,000 kwa mwezi, mwenye mkataba wa miezi sita, humlipa dalali Sh. 50,000 anapoingia. Akikaa miaka mitatu, mkataba wake utaongezwa mara tano, naye atakuwa amelipa Sh. 250,000 zaidi. Jumla ni Sh. 300,000, yaani kodi ya nusu mwaka, kwa mtu aliyemtafutia chumba mara moja tu.

Wanaobeba mzigo huu ni mchuuzi wa dagaa wa Mwigobero, fundi cherehani wa Bunda, na mwalimu aliyehamishiwa Butiama. Hao tayari hudaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Dalali anajua kwamba hawawezi kubisha, kwa kuwa kuhama ni gharama kubwa zaidi: chumba kipya kina dalali wake, vyombo vinahitaji gari, na watoto watakuwa mbali na shule. Unyonge huo wa mpangaji ndio mtaji wake.

Tena dalali anayelipwa kila mkataba unapoandikwa hana faida katika utulivu wa mpangaji. Faida yake ni kumnong'oneza mwenye nyumba kwamba yuko mtu mwingine aliye tayari kulipa zaidi. Kwa njia hiyo kodi hupanda bila ya nyumba kuongezwa hata tofali moja.

Watetezi wa ada hii husema kwamba wenye nyumba wengine wanaishi Mwanza au Dar es Salaam, na dalali ndiye anayekusanya kodi na kusimamia matengenezo. Huenda ni kweli. Lakini kama ni hivyo, dalali huyo ni mtumishi wa mwenye nyumba, na mtumishi hulipwa na aliyemtuma.

Kanuni hiyo si ngeni duniani. Nchini Ujerumani, tangu Juni 1, 2015, sheria inataka dalali wa nyumba ya kupanga alipwe na yule aliyemwagiza. Katika England, tangu Juni 1, 2019, ni marufuku kumtoza mpangaji ada ya kufanya upya mkataba wake. Hizo si nchi za kijamaa. Ikiwa mabepari wenyewe wameona kwamba malipo haya hayana haki, itakuwa ajabu kubwa yakiachwa yaote mizizi katika mkoa alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere.

Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo makubwa ya kupangisha. Mambo yamebadilika tangu wakati huo. Masharti ya uongozi yalilegezwa mwaka 1991 kule Zanzibar, na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Hakuna anayetaka kumnyang'anya mwenye nyumba mali yake. Lakini kufutwa kwa udhibiti wa kodi hakukuwa kibali cha kuvuna pasipopandwa. Wazee wa mijini walikijua kilemba, ile fedha ya pembeni aliyotozwa mpangaji kabla ya kupewa ufunguo. Ada ya kuongeza mkataba ni kilemba kile kile, kimefungwa upya.

Hata sheria iliyopo haiwaachi wananchi mikono mitupu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaweka msingi kwamba makubaliano ambayo upande mmoja hautoi kitu chochote ni batili, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa humo. Dalali anayedai ada aulizwe ametoa nini.

Kwa hiyo wajibu uko wazi. Mpangaji adai mkataba wa maandishi, unaosema kwamba utaongezwa kati yake na mwenye nyumba, na adai stakabadhi kwa kila shilingi anayolipa. Mwenyekiti wa mtaa anayeombwa kushuhudia mkataba asiutie muhuri kabla ya kuusoma. Madiwani wa Musoma, Bunda na Butiama, ambao wanayo mamlaka ya kutunga sheria ndogo, walifikishe jambo hili katika vikao vya halmashauri zao. Na mabalozi wa Chama, wanaojua kila mlango katika mashina yao, wasinyamaze jirani anapoonewa.

Dalali ni mwananchi, na kazi yake iheshimiwe. Lakini kazi moja ilipwe mara moja.